Mtoto wa mbwa anachafua keji yake? Jua kwanza kwanini, mafunzo yafuate

Ukinunua keji, lile tundu la kumfungia mbwa alale, lazima muuzaji akwambie kwamba mbwa hachafui anapolala, kwahiyo wewe mfungie tu humo usiku atajifunza kubana mwenyewe. Haya, unamfungia. Asubuhi unakuta blanketi limeloa, kinyesi kimekanyagwa kimesambaa mpaka kwenye vyuma, na mwenyewe yuko katikati anatingisha mkia anataka kukurukia na suruali ya kazini ushavaa. Hapo ndo watu wanaanza kusema huyu mbwa mchafu, au mbishi, au jamii yake ndo zao.

Alichosema muuzaji kina ukweli ndani yake, ila hajakimalizia. Mtoto wa mbwa akizaliwa hawezi hata kukojoa mwenyewe, mama ndo anamlamba mpaka mkojo utoke na anasafisha hapo hapo, alafu kwenye wiki ya 3 hivi anapoanza kujua kutembea anaanza kujivuta pembeni kidogo na pale anapolala ili ajisaidie. Hiyo tabia ya kujitenga na uchafu ndo keji inaitegemea. Lakini keji yenyewe haifundishi kitu chochote, inampa tu sababu ya kubana kwa mda mfupi mpaka wewe ufike umtoe, na kama wewe hufiki, au anaumwa, au keji ni kubwa kama chumba, au hiyo tabia ilishaharibiwa huko alikotoka, basi hata ununue keji ya bei gani atachafua tu. Kwahiyo kabla hujaanza kumfundisha lazima ujue yako ni ipi kati ya hizo maana dawa zake hazifanani, na moja unaweza ukaizidisha kabisa ukitumia dawa ya nyingine.

Anza na mda maana ndo kesi nyingi. Hesabu wanayotumia wafugaji ni umri wake kwa miezi ongeza 1, hizo ndo saa anazoweza kubana mchana, yaani wa miezi 2 saa 3, wa miezi 3 saa 4, na hapo ni juu kabisa, wengi wako chini yake na hawa wadogo wadogo kama Maltese kibofu chenyewe kiduchu. Sasa mtu wa Dar anakaa Mbezi, anatoka saa 11 alfajiri kukwepa foleni na kurudi ni saa 1 usiku, anataka mtoto wa miezi 2 abane saa 14. Huyo mbwa hajachafua keji, umemchafulisha wewe. Kama mchana hakuna mtu nyumbani basi mchana usitumie keji kabisa, mtengee kona ya veranda au bafu ambalo halitumiki, upande mmoja pa kulala na maji, upande wa mbali trei ya majani au mchanga, keji ibaki ya usiku na ya vipindi vifupi ukiwepo.

Ukubwa wa keji nao ni rahisi kuuona. Anatakiwa asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke, ajinyooshe alale, basi. Watu wananunua ya German Shepherd mkubwa ili wasinunue mara mbili, jambo la akili kabisa kwa mfuko, ila papi, yaani huyo mtoto wa mbwa, anaigawa mwenyewe, huku chumba cha kulala kule choo. Kama ushanunua kubwa usihangaike kuibadilisha, weka kipande cha plaiwudi katikati umfungie nusu, uwe unakisogeza anavyokua. Na kama umechongesha kwa fundi wa kuchomelea angalia sakafu isiwe ya waya mtupu, vidole vinaumia na mkojo unabaki kwenye maungio ya waya ambako hata brashi haifiki, harufu haiishi.

Ugonjwa. Hapa usibahatishe. Papi anayekojoa kidogo kidogo kila baada ya dakika chache, au anajikamua, au mkojo una damu au unanuka kuliko kawaida, hasa jike, mpeleke kwa daktari wa mifugo apimwe njia ya mkojo, hakuna ratiba itakayomponya huyo. Anayeharisha vilevile, hawezi kubana hata akitaka. Minyoo karibu wote wanayo maana wanaipata tangu tumboni mwa mama na kwenye maziwa, ndo maana dawa zinaanza wiki ya 2 na kurudiwa kila baada ya wiki 2 mpaka wiki ya 8, alafu kila mwezi mpaka afike miezi 6, na hii usiichukulie poa kama una watoto wadogo ndani maana hiyo minyoo ya mviringo inaingia hata kwa binadamu. Beba kinyesi kwenye kikopo safi mpelekee daktari aangalie. Na kuharisha damu huku anatapika na kagoma kula hiyo inaweza kuwa parvo, ugonjwa hatari wa virusi wa mbwa, usisubiri kesho, usimpe maji ya mwarobaini, kimbia hospitali ya mifugo saa hiyo hiyo.

Alafu kuna chakula, ambacho watu hawakihusishi na keji kabisa. Maziwa ya ng'ombe tunawapa kwa upendo ila papi wengi tumbo halisagi ile sukari ya maziwa vizuri na wanaharisha. Ugali mwingi na mchuzi wa dagaa unajaza tumbo lakini unatoka mwingi pia, kinyesi kikubwa mara nyingi kwa siku, na kama bakuli linakaa chini kutwa anadonoa anapojisikia basi na choo nacho kitakuja kinapojisikia. Mpe kwa saa maalum, mara 3 au 4 kwa siku akiwa chini ya miezi 4, bakuli likae dakika 15 hivi alafu ondoa hata kama kabakiza. Tumbo likipokea chakula linasukuma cha zamani, kwahiyo ndani ya dakika 5 mpaka 30 baada ya kula atataka kunya, ukilijua hilo nusu ya kazi umeshaimaliza. Ukibadilisha chakula changanya taratibu kwa wiki nzima, usibadilishe ghafla tu kwa sababu kile cha mwanzo kimeisha dukani.

Sasa wale wagumu.

Kuna papi ambaye mda uko sawa, keji ndogo, daktari kasema mzima, na bado anakojoa anajilalia humo humo hata hana habari, dakika 20 tu baada ya kutoka nje. Huyu mara nyingi katoka kwenye kibanda kidogo ambacho watoto wote walirundikwa humo wanalala, wanakula na kujisaidia pamoja, au aliuzwa barabarani akiwa kwenye boksi tangu asubuhi. Kati ya wiki ya 7 na ya 9 hivi mbwa ndo anazoea mguu wake ukanyage nini anapojisaidia, kama ni majani, sementi au gazeti, na yeye alichozoea ni kitanda chake. Watu wanasoma kwamba keji ikiwa ndogo hachafui wanazidi kuibana, inakuwa ndogo zaidi na zaidi, na papi ndo anazidi kuzoea kulala kwenye mkojo. Kwa huyu unafanya kinyume. Ondoa kumfungia kabisa kwa wiki kadhaa, mlango wa keji uwe wazi mda wote ndani ya uzio mdogo au ile kona ya veranda niliyosema, ili akitaka kukojoa awe na pa kwenda mbali na anapolala. Unampa tena ile nafasi ya kujivuta pembeni ambayo hakuipata akiwa na wiki 3.

Chakula chote mpe ndani ya keji mlango ukiwa wazi, bakuli kule mwisho kabisa. Mfupa wa kutafuna humo, mdoli humo, usingizi wa mchana humo ukiwa umekaa karibu. Baada ya siku kadhaa akishaanza kuingia mwenyewe na kutoka nje ya keji kukojoa kwenye trei, hapo anza kufunga mlango dakika 5, kumi, akiwa katoka kujisaidia sasa hivi na wewe upo. Ukienda haraka unarudi mwanzo.

Na angalia ulichotandika. Kama alikulia kwenye magazeti usiweke gazeti ndani ya keji, kwake hilo ni choo, umemwekea choo kitandani! Kama anakojolea blanketi, toa blanketi, alale kwenye mpira au sakafu tupu kwa mda, mkojo usipofyonzwa unamsumbua mwenyewe na ndo tunachotaka. Lile gazeti lina kazi yake nje, chukua kipande chenye mkojo wake kiweke pale unapotaka awe anakojoa, juu ya majani, weka na jiwe lisipeperuke, na kila siku kipunguze mpaka kiishe.

Ratiba yenyewe haina siri. Kwa siku 3 za mwanzo usijaribu kumfundisha, andika tu kwenye simu kila anapokojoa na kunya, saa ngapi, alikuwa kafanya nini kabla. Utaona mpangilio. Ukiona anaenda kila baada ya saa moja na nusu, wewe mtoe kila baada ya saa moja na robo, uwe unamtangulia. Zaidi ya hapo anatoka akiamka tu, hata usingizi wa dakika 10, akimaliza kula, akimaliza kunywa maji mengi, katikati ya mchezo (wakicheza wanasahau kabisa alafu ghafla anachuchumaa), na kabla ya kulala. Ukimuona ananusa sakafu huku anazunguka au kaacha mchezo ghafla kaelekea mlangoni, mbebe. Nasema mbebe kwa makusudi, papi wa miezi 2 ukimwambia tembea twende nje atakojoa njiani kwenye kapeti, mikononi mwako ni mara chache.

Mkifika nje, kamba shingoni, simama sehemu ile ile kila siku, nyamaza, usimchezeshe, usiwe kwenye simu mpaka hujui kama kafanya. Mpe dakika 5. Akianza sema neno lako moja, wengi wanasema tu "kojoa", kwa sauti ya kawaida, akimaliza hapo hapo msifie na mpe kitu kitamu, kipande cha maini ya kuku au dagaa. Hapo hapo maana yake sekunde 1 au 2, ukisubiri mpaka mrudi ndani anaona umempa dagaa kwa kurudi ndani. Alafu muache acheze kidogo, maana ukimrudisha ndani kila akimaliza anajifunza kuchelewesha ili raha isiishe, wajanja hawa. Asipofanya kitu mrudishe, umpakate au umweke kwenye keji robo saa ukiwa umekaa hapo, mtoke tena. Sio umrudishe ndani umuachie huru, hiyo ndo dakika atakayochagua zulia.

Usiku keji iwe chumbani kwako, sio stoo, sio jikoni. Sio kudekeza, ni kwamba akiamka na kuanza kulia umsikie. Chakula cha mwisho saa 12 au saa 1 jioni, maji ondoa kama masaa mawili kabla ya kulala, ila kwa joto la Dar mwezi wa pili usimnyime maji jioni nzima, mpe kidogo kidogo. Mtoe saa 4 au saa 5 usiku, alafu weka alamu, kwa mdogo wa wiki 8 alamu mbili, saa 7 na saa 10, usisubiri alie. Ukimtoa usiwashe taa zote, usiongee naye, anakojoa, anasifiwa kwa kunong'ona, anarudi kulala. Akianza kukaa mkavu usiku kadhaa mfululizo isogeze alamu mbele nusu saa, na nusu saa tena, mpaka zile mbili ziwe moja na ile moja ifike alfajiri. Na msifunike keji kwa mablanketi mazito kwa kusikia kwamba mbwa anapenda giza, kwenye joto letu unampika.

Usafi wa keji una makosa yake. Ukiosha keji kwa maji na sabuni ya kipande wewe huisikii harufu ila yeye anaisikia, na kwake harufu ya mkojo ni kibao kimeandikwa choo. Futa kwanza, osha kwa maji na sabuni ya unga ile yenye vimeng'enya, suuza, alafu pakaa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, acha dakika kadhaa, suuza, anika juani ikauke kabisa. Dawa za kusafishia zenye amonia achana nazo maana zinafanana na harufu ya mkojo wenyewe. Jik ina kazi moja nzuri sana, kuua parvo, lakini inakuja mwisho baada ya kuosha na kusuuza, sehemu 1 ya Jik kwa sehemu 30 za maji, sio unaimwaga juu ya mkojo mbichi maana vikikutana vinatoa gesi inayochoma macho na kifua, wewe na mbwa. Na usiichanganye na siki kabisa, gesi nyingine mbaya zaidi hiyo.

Kumpiga, kumsugua pua kwenye mkojo, kumfokea asubuhi ulipokuta uchafu wa saa 8 usiku, acha. Yeye hawezi kuunganisha hasira yako ya sasa na alichofanya usiku, anachojifunza ni kwamba mkojo na mtu vikiwa sehemu moja kuna kipigo, kwahiyo nje ukimtazama hakojoi, anasubiri mrudi ndani ajifiche nyuma ya kochi.  Ukimkuta anafanya saa hiyo hiyo, piga makofi mara moja kumshtua kidogo, mbebe nje amalizie, akimalizia msifie.

Hili linawahusu wote ndani ya nyumba. Unaweza kuwa na ratiba safi kabisa lakini mchana yupo dada wa kazi na yeye anaogopa mbwa, au kalelewa kwamba mbwa hakai ndani na binadamu, mbwa akikojoa anapigwa ufagio. Kaa naye mwelekeze vizuri, mwambie dada, mbwa akikojoa nje mpe hii dagaa, akikojoa ndani usimpige nipigie mimi, na kama kazi hiyo haikuwa kwenye makubaliano yenu ongeza kitu kwenye mshahara, usimbebeshe bure. Watoto nao waambiwe wasimtoe kwenye keji kucheza kila wanapojisikia.

Kwa mnaokaa ghorofani kuna mambo mawili. La kwanza chanjo, hazimaliziki mpaka wiki ya 16 na virusi vya parvo vinakaa kwenye udongo miezi na miezi, kwahiyo pale getini wanapopita mbwa wote wa mtaa usimshushe, tumia trei ya majani halisi kwenye balkoni au kona ya uwanja ambayo mbwa wengine hawafiki. La pili majirani. Mkojo wa mbwa kwenye korido au ngazi ambayo watu wanapita wakienda kuswali ni ugomvi wa haki kabisa, mbebe mpaka chini, tembea na kitambaa na chupa ya maji, safisha papo hapo kabla mlinzi hajaja kukugongea.

Kuna mwingine anachafua keji ukiwa haupo tu. Ukiwepo ni mkavu, ukitoka hata dukani dakika 10 unakuta kakojoa, kanya, mate yamejaa kifuani na vyuma kaving'ata. Huyo ana hofu ya kuachwa, choo anakijua, na kumfungia zaidi kunamuongezea hofu. Anza na kutoka sekunde chache unarudi kabla hajaanza kulia, ongeza taratibu, na ikizidi ongea na daktari. Na yule anayekojoa matone ukiingia na kumsalimia kwa shangwe, huyo ni kusisimka, msalimie nje, inama pembeni usimuinamie juu, wengi inaisha wakikua.

Kuhusu mda wa kupona, kibofu chenyewe kinakomaa kwenye miezi 4 mpaka 6, kwahiyo anayekwambia kamfundisha wa wiki 9 akaiva ndani ya siku 3 mpe pongezi na uendelee na alamu yako. Yule aliyekulia kwenye uchafu atachukua mda zaidi. Atarudi nyuma pia, hasa mkihama, mgeni akija, au masika yakianza, maana wengi wanakataa kukanyaga majani yaliyoloa, anasimama mlangoni anakuangalia kama wewe ndo umeleta mvua, anarudi ndani anakojolea mkeka. Tenga mapema sehemu yenye bati juu, hata nusu mita ya majani chini ya upenu, na umzoeze kuitumia siku kavu. Akirudi nyuma rudi naye hatua moja tu, sio mwanzo kabisa.

Uhuru wa nyumba mpe chumba kimoja kimoja. Akikaa mwezi mzima bila ajali sebuleni ukiwepo, mfungulie korido, vyumba vya kulala viwe mwisho, na keji iache pale pale mlango wazi, wengi wataendelea kuingia kulala humo wenyewe.